Nyavu Halali, Mahali Haramu

Nina jambo limenikaa kooni kama mwiba wa perege.

Jambo lenyewe ni samaki wa Mtera. Kila msimu samaki wakiadimika, perege wakaja sokoni wadogo kama kiganja cha mtoto na bei ikapanda pale Majengo, wakubwa wetu wana wimbo mmoja tu: nyavu, nyavu, nyavu. Nyavu haramu zikamatwe. Nyavu zichomwe. Waandishi waitwe (ndiyo, sisi wenyewe), mafuta ya taa yamwagwe, moshi upande, mheshimiwa aonekane kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Kesho yake mvuvi anakopa, ananunua nyavu nyingine. Mwaka unazunguka, tunarudi palepale na kiberiti kilekile.

Mimi nasema hivi, na nataka nieleweke tangu mwanzo: swali kubwa la Mtera si mvuvi ana wavu gani. Swali ni anautega WAPI na LINI. Tumetumia nguvu nyingi kwenye macho ya wavu na urefu wa samaki, tukasahau mahali. Na uvuvi, ndugu zangu, ni mahali.

Mnakumbuka kisa cha rula? Juni 2018, hapahapa Dodoma, maofisa wa uvuvi waliingia kwenye mgahawa wa Bunge wakaanza kupima samaki kwa rula. Samaki wa kukaanga! Ameshaparwa magamba, ameshapita kwenye mafuta, yuko kwenye sahani anasubiri ugali, ndiyo anapimwa kama ametimiza sentimita 25. Mgahawa ukapigwa faini. Waheshimiwa wabunge wakaja juu, nchi nzima ikacheka, vijana wakatengeneza picha za vichekesho wiki nzima. Mimi pia nilicheka. Lakini ukimaliza kucheka jiulize: yule samaki alivuliwa wapi? Rula haiwezi kukwambia. Inakwambia samaki ni mfupi, basi. Haikwambii kama alitolewa kilindini katikati ya ziwa ambako mwenzake atachukua nafasi yake, au alizolewa ukingoni pamoja na kiota, mayai na ndugu zake wote. Na yule mwenye sentimita 30, ambaye rula inampa hongera, inawezekana ndiye aliyekuwa mama wa wote hao.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu.

Tuanze na bwawa lenyewe, maana wengi wetu tunalijua kwa kupita tu. Unatoka Dodoma mjini kuelekea Iringa, kama kilomita 120 hivi, basi linapunguza mwendo, akina mama wanakimbilia madirishani na samaki wa kukaanga, unanunua, unaondoka. Mtera kwa wengi ni hiyo. Lakini ni bwawa lililojengwa kwenye Mto Ruaha Mkuu mwanzoni kabisa kwa kazi ya ghala: kuhifadhi maji ya masika ili mitambo ya Kidatu, huko chini, isikose maji wakati wa kiangazi. Kidatu ina uwezo wa megawati 204. Mtera yenyewe ilifungiwa mitambo yake baadaye, mwaka 1988, megawati 80. Kwa hiyo samaki hawakuwa kwenye hesabu. Walikuja kama bahati, na pamoja nao wakaja watu: Wagogo wa upande huu, Wahehe wa upande ule, na wavuvi kutoka pembe zote za nchi hii waliosikia kwamba nchi kavu ya kati imepata ziwa.

Mito miwili ndiyo mama wa bwawa hilo. Ruaha Mkuu unatoka kusini magharibi, kwenye mabonde ya Usangu, unapita hifadhini. Kisigo unatoka magharibi, upande wa Manyoni, nao ni mto wa msimu: kiangazi ni mchanga, masika ni ghadhabu. Kumbukeni mahali inapoingia mito hii miwili. Nitaparudia.

Sasa, mvuvi wa Mtera anachaguaje pa kuvua? Wanaotunga kanuni ofisini wanafikiri mtu anaingia kwenye mtumbwi, anapiga kasia mpaka achoke, anatupa wavu, anamwomba Mungu. Thubutu! Niliwahi kukaa na mzee mmoja upande wa Migoli, anashona wavu chini ya mti. Nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitikia marahaba mwanangu, nikamuuliza wavu mzuri ni upi. Akaniangalia kama mtu anayemuuliza mkulima jembe zuri ni lipi. Akasema, "Mwanangu, wavu ni kamba tu. Uliza maji."

Akaanza kunieleza maji. Kuna miti iliyozama bwawa lilipojaa, mingine bado visiki vyake vimesimama majini mpaka leo. Perege hupenda pale, kuna kivuli na chakula kinachoota kwenye visiki, lakini wavu ukinasa umekwenda. Kuna upepo wa mchana unaosukuma maji na kutibua tope upande mmoja wa bwawa, na kambale hufuata tope. Kuna mbalamwezi: samaki huuona wavu, basi unatafuta maji machafu. Kuna viboko na mamba, hao nao wana maeneo yao na hawana haja ya leseni. Kuna kina: maji yakipungua samaki husogea kwenye mkondo wa zamani wa mto, ule uliozama chini ya bwawa, na mvuvi asiyejua mkondo ulikuwa unapita wapi anarudi na mtumbwi mtupu. Hii yote ni elimu. Haina cheti, lakini ni elimu.

Na elimu hiyohiyo, wadau, inamwambia mvuvi kwamba mahali pa uhakika kuliko pote, mvua za kwanza zinaposhuka, ni kwenye maingilio ya mito na kwenye majani yaliyofunikwa na maji mapya ukingoni. Pale hukosi. Hata mvivu hakosi. Kwa nini?

Kwa sababu pale ndipo leba.

Kambale akisikia maji mapya ya mvua, anapanda. Anatoka bwawani usiku, anaingia mtoni au kwenye majani yaliyofurika, maji ya magotini tu, anataga. Ni mayai maelfu kwa maelfu, yananata kwenye majani, na ndani ya siku moja au mbili yanaanguliwa. Ana uwezo wa kupumua hewa, kwa hiyo hata maji yakiwa haba anajikokota kwenye tope apate kufika. Usiku ule wa furiko la kwanza unaweza kumkamata kwa panga, kwa mikono, kwa kikapu. Sasa weka wavu kukingama mdomo wa mto usiku ule. Weka wenye macho makubwa, halali kabisa, una risiti na leseni. Utamkamata nani? Wadogo watapita. Utamkamata mama, tumbo limejaa mayai.

Perege naye ana mambo yake. Dume anachimba kiota, kishimo cha mviringo, kwenye maji ya kina kifupi chenye udongo laini. Jike anakuja, anataga, kisha anayaokota mayai na kuyaweka MDOMONI. Anakaa nayo humo wiki mbili hivi, yanaanguliwa humohumo, watoto wakitishwa wanarudi kinywani kwa mama. Siku zote hizo hali kitu, au anakula kidogo sana. Mayai yake ni mamia tu, si maelfu kama ya kambale, kwa hiyo kila mama ni mtaji. Akinaswa, anayatema. Umekula samaki mmoja, umepoteza mamia. Na lile kokoro, juya la kukokota mpaka ufukweni, linapita juu ya viota vyote kama greda. Kokoro limekatazwa, sawa, nakubaliana na katazo. Lakini jiulizeni kokoro lina ubaya gani hasa. Ubaya wake mkubwa ni MAHALI linapopita! Hata huko tunakokataza zana, tunachokimbia ni mahali, ila hatutaki kupataja.

Ndiyo maana nasema nyavu halali, mahali haramu. Mvuvi mwenye wavu wa kanuni kwenye maingilio ya Kisigo mwezi Desemba anaweza kufanya madhara makubwa kuliko mwenye wavu mbovu katikati ya bwawa mwezi Julai. Na yule wa kwanza tunampigia saluti, wa pili tunamchomea mali.

Ngoja niwatangulie wabishi.

Wa kwanza atasema: "Wewe mwandishi, hao hao wavuvi unaowasifia elimu ndio wanaojazana kwenye maingilio." Kweli kabisa, sikatai. Wanajazana. Lakini fikiria kama mvuvi mwenye watoto wanne na deni la duka. Nikiacha mimi, wewe utaacha? Huyu wa kambi ya jirani ataacha? Aliyetoka mkoa mwingine jana na atakayeondoka kesho ataacha? Hakuna mjinga wa kulinda mama kambale ili akavuliwe na mwenzake mita 50 mbele. Mpaka kuwe na mstari mmoja wa wote, heshima ya mtu mmoja ni hasara ya mtu mmoja. Hiyo si tabia mbaya ya wavuvi, ni hesabu. Serikali ipo kwa ajili ya hesabu za namna hiyo.

Wa pili atasema: "Hatuna watumishi, hatuna boti, hatuna mafuta." Hoja hii naipenda sana, maana inanisaidia. Kukagua wavu ni lazima umfuate mvuvi majini, uupande mtumbwi wake, uufungue wavu, upime tundu. Mtumbwi mmoja baada ya mwingine, usiku, na viboko pembeni. Kukagua mahali kunahitaji macho tu! Weka maboya au vigingi vyenye kitambaa chekundu kwenye maingilio, tangaza msikitini, kanisani na kwenye mkutano wa kijiji kwamba ndani ya mstari huu hakuna mtumbwi kuanzia mvua za kwanza mpaka tarehe fulani. Mtoto anayechunga mbuzi ukingoni ataona mtumbwi uliovuka. Mama anayechota maji ataona. Ulinzi wa mahali ni rahisi kuliko ulinzi wa wavu, tena hauhitaji kumvunjia mtu heshima kwa kumpekua.

Wa tatu atasema: "Basi tufunge bwawa zima, tumalize." Hapo ndipo tunapopenda kukimbilia, kama vile kufunga kitu kizima ni ushujaa zaidi kuliko kufunga nusu. Ziwa Tanganyika upande wetu lilipumzishwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, kwa makubaliano na nchi jirani. Pale dagaa na migebuka hutembea ziwani kwa makundi, leo hapa kesho kule, naelewa kwa nini walifunga kote. Lakini perege anayechimba kiota chake sehemu ileile ya maji mafupi? Kambale anayepanda mto uleule? Hawa wana anwani! Mtu mwenye anwani unamlinda nyumbani kwake, humfungii mji mzima. Ukifunga bwawa lote unamnyima kula mvuvi wa kilindini ambaye hakuwa na kosa, mchuuzi wa barabarani, fundi wa mitumbwi, mama lishe, na mwisho wa siku wanavua usiku kwa kuhonga. Sote tunalijua hilo, tusijifanye watakatifu.

Na msidhani naota. Kisiwa Panza, kule Pemba, wanakijiji wamekuwa wakifunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha wanafungua siku moja kwa pamoja. Hawafungi bahari. Wanafunga sehemu ya mwamba, wanajua inaanzia wapi na inaishia wapi, na wanalinda wenyewe. Pweza hukua haraka, kwa hiyo faida inaonekana kabla watu hawajachoka kusubiri. Kama Mpemba kaweza kwenye bahari isiyo na ukuta, sisi wa nyika tunashindwa nini kwenye bwawa lenye ukuta?

Mbali zaidi, upande wa magharibi wa Marekani na Kanada, kuna samaki wanamwita steelhead. Ni trauti yuleyule ambaye Waingereza walimpanda kwenye mito ya milima ya Kenya enzi za ukoloni, ila huyu wa kwao hukimbilia baharini, anakua mkubwa, kisha anarudi mtoni kuzaa. Watu wana wazimu naye. Wanajadili pa kusimama mtoni kama sisi tunavyojadili Simba na Yanga. Kilichonivutia ni jinsi wanavyotunga kanuni. Kanuni zao zimeandikwa kwa vipande vya mto: kutoka daraja hili mpaka maporomoko yale, tarehe hii mpaka ile, ruksa, juu ya hapo, marufuku. Kwenye mto wa North Umpqua, jimbo la Oregon, watu wanavua, lakini kijito cha Steamboat kinachoingia mto huo kimefungwa kwa miongo mingi kwa sababu samaki hao hupumzika na kuzaa humo. Kijito kimoja kimefungwa, mto unaendelea kulisha watu. Na kila asubuhi kina cha maji cha mito yao kinawekwa wazi mtandaoni na idara ya serikali, mvuvi anaangalia kabla hajavaa viatu.

Wale wanavua kwa starehe, jamani. Wengine wakimkamata wanambusu wanamrudisha. Sisi tunavua kwa ada ya shule. Nani alipaswa kuwa makini zaidi kuhusu mahali?

Sasa nije kwenye sehemu ambayo itawaudhi wengine, maana mpaka hapa nimemsema mvuvi na bwana samaki, watu wadogo. Mahali pa kuzaa samaki panategemea maji, na maji ya Mtera hayako mikononi mwa mvuvi wala bwana samaki.

Bwawa linaendeshwa kati ya mita 690 na mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Tofauti hiyo, mita nane na nusu, ukiitazama kwenye ukuta ni kitu kidogo. Lakini nchi ile ni tambarare. Maji yakishuka, ukingo unakimbia mbali, panabaki tope, kisha nyasi, kisha mabustani ya mchicha na ng'ombe wanachunga palipokuwa na samaki. Mwaka 2006 maji yalishuka chini ya mita 690, nchi ikaingia gizani, na tulivyojadili wakati ule ilikuwa ni umeme, Richmond, umeme, Richmond, mpaka Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu Februari 2008. Sikumbuki bungeni pakiwa na mjadala mkali kuhusu viota vya perege vilivyobaki juani.

Na juu ya bwawa mambo ni hayohayo. Ruaha Mkuu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi, kwa sababu maji yanaishia kwenye mashamba ya Usangu kabla hayajafika. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi mbele ya mataifa kwamba ifikapo 2010 mto utatiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 wafugaji wakahamishwa na mifugo yao kwa maelfu. Mwaka 2008 Usangu ikaingizwa ndani ya Hifadhi ya Ruaha. 2010 ikafika, ikapita. Mwaka 2022 mto ukakauka tena. Wafugaji waliondoka, lakini maji hayakurudi. Labda tulimhamisha asiyehusika, au tulimhamisha mmoja tukawaacha wengine. Mto mkavu ukichelewa kufunguka, kambale anasubiri langoni, na wavu unamsubiri yeye.

Kisingizio cha zamani kilikuwa kwamba taifa linahitaji kila tone la Mtera kwa umeme, kelele za samaki zisubiri. Leo hii Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115. Ukijumlisha Mtera na Kidatu unapata 284. Sisemi tuzime mitambo, hasha. Tena maji yale yale yakitoka Mtera yanapita Kidatu, yanaingia Rufiji, yanakwenda kuzungusha mitambo ya Nyerere; tone moja linafanya kazi mara tatu. Nasema tu kwamba kama zamani hapakuwa na nafasi ya kujadiliana, sasa ipo. Wiki kadhaa za kutoshusha kina ghafla wakati perege wako kwenye viota si dhambi kwa taifa. Anayeshika bomba na anayeshika samaki wakae meza moja. Hivi ni lini mara ya mwisho walikaa?

Na kuna ujinga mwingine wa kiutawala. Bwawa ni moja, mikoa ni miwili, Dodoma na Iringa, na halmashauri zaidi ya mbili. Kila halmashauri inatoa leseni zake na inakusanya ushuru wake. Samaki hajui mpaka wa mkoa. Upande mmoja ukifunga maingilio na mwingine ukaacha wazi, umewafungia watu wako tu na kuwapa jirani zawadi. Nilipouliza katika ofisi moja nani mwenye ramani ya maeneo ya kuzalia samaki ya bwawa zima, nilielekezwa ofisi ya pili. Ofisi ya pili ikanielekeza ya kwanza. Nikanywa chai nikarudi nyumbani.

Kwa hiyo nasema nini? Nasema mambo manne, na kila moja linawezekana bila mfadhili wala semina ya hotelini.

Moja. Ichorwe ramani ya mazalio ya Mtera, na wachoraji wawe wavuvi wenyewe kupitia vikundi vyao vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, yaani BMU, pande zote mbili za bwawa. Mtaalamu ashike kalamu, mzee wa Migoli aonyeshe kidole.

Mbili. Maingilio ya Ruaha na Kisigo, na ghuba za maji mafupi zitakazotajwa kwenye ramani hiyo, zifungwe kila mwaka kuanzia mvua za kwanza. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inatoa nafasi ya kutenga maeneo na misimu. Haihitajiki sheria mpya, inahitajika nia. Sehemu nyingine zote za bwawa zibaki wazi, watu wale.

Tatu. Kina cha maji cha bwawa kibandikwe kwenye kila mwalo kila wiki, kwa chaki, kwenye ubao. Wanaoendesha mitambo wanakijua kila siku. Kwa nini kiwe siri kwa mtu anayelala juu ya maji hayo?

Nne. Fedha za operesheni za kuchoma nyavu ziende kwenye maboya, vigingi na posho za walinzi wa kijiji. Msako ukiwepo, uanzie kwenye mstari wa mazalio. Huko nje ya mstari, elimu kwanza.

Najua wapo watakaosema mbona nashupalia Mtera wakati hata Hombolo, hata Bahi, kuna shida. Nashupalia kwa sababu ukiweza Mtera utaweza kote. Bahi ndiyo somo lilelile kwa herufi kubwa: Mto Bubu unateremka kutoka Kondoa, unaishia kwenye ule mbuga, hauendi baharini. Mvua zikiwa nzuri kuna samaki na mpunga, zikiwa mbaya kuna vumbi. Samaki wote wa mwaka unaofuata wako kwenye vidimbwi vichache vilivyobaki. Anayejua vidimbwi hivyo viko wapi ana ufunguo wa mwaka mzima, na tunamwachia atumie ufunguo huo apendavyo, mradi wavu wake una macho makubwa.

Serikali ilipohamia Dodoma tulishangilia, na mimi nilishangilia. Wizara yenye dhamana ya uvuvi sasa iko nasi huku nyanda kavu, lami mpaka bwawani, saa mbili tu kwa gari. Haina tena sababu ya kusema Mtera ni mbali. Nawaomba wahusika waende Desemba, mvua za kwanza zikinyesha, usiku, bila msafara wala kamera. Wasimame Kisigo unapoingia bwawani na tochi mkononi. Watawaona kambale wanapanda, na watauona ukuta wa nyavu unaowasubiri, nyavu halali nyingi tu kati yake. Baada ya hapo waniambie kama bado wanahitaji rula.

Haya, mimi nimesema. Wanaokubali na wanaopinga, uwanja ni wenu, ila tujadili hoja, tusitukanane. Na wewe uliye Migoli au Mtera unayesoma hapa kwenye simu, niambie nimekosea wapi kuhusu maji yako. Wewe ndiye mwenye elimu.